Sura ya 5: Anayetazama Ndiye Anayelipa

Mama anayeuza ndagala Kalundu, Uvira, akirekodi video ya dakika nne na kuiweka kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, amewaomba watu mia mbili wamlipie tangazo lake. Kila atakayeifungua atakatwa mega zake mwenyewe. Kati ya Uvira na vijiji vya Rurambo, kule juu milimani, intaneti hununuliwa kidogo kidogo: mega za leo, mega za usiku, mega za saa chache, za Airtel, za Vodacom au za Orange. Mega hizo zina kazi nyingi. Zinasubiriwa na sauti ya mtoto anayesoma Bujumbura, na habari za barabara ya Kamanyola, na tangazo la msiba. Video yako inaingia kwenye foleni hiyo, na mwenye simu ndiye anayeamua ipite au isipite.

Tumezoea kusema kwamba kutangaza mtandaoni ni bure. Ni karibu bure kwa anayetangaza. Anayetazama analipa kwa mega, kwa chaji ya simu na kwa muda wake. Ukilishika jambo hili moja, maswali yanayowasumbua wengi wanaoanza yatajijibu: video iwe ndefu kiasi gani, ianze na nini, isemwe kwa lugha gani, itumwe kwa nani. Mtu akikulipia, unamdai nini tena? Wewe ndiye mwenye deni. Unadaiwa jambo moja la kweli ambalo ataweza kulitumia: bei, mahali, siku, dawa ya tatizo lake, au neno la kumtia nguvu.

Sura hii ni ya mwenye duka, fundi, mkulima, mchungaji na kiongozi wa kwaya. Vifaa vyake ni simu uliyo nayo, iwe Tecno, Itel au Infinix, na paneli ya sola ya kuichajia.

Walioanza na kidogo

Tarehe 23 Aprili 2005, Jawed Karim, mmoja wa vijana watatu walioanzisha YouTube, aliweka video ya kwanza kabisa katika mtandao huo. Amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, akieleza kwamba tembo wana mikonga mirefu sana. Basi. Video nzima ni ya sekunde 19, haina muziki wala taa, na mamia ya mamilioni ya watu wameitazama.

Kwa mfano wa karibu zaidi, twende Tanzania. Kili Paul na dada yake Neema, vijana wa Kimasai, walianza kuweka TikTok video fupi wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Kijijini kwao hapakuwa na umeme, na Kili alilazimika kwenda kijiji kingine kuchaji simu. Februari 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ulimwalika na kumpa heshima. Tarehe 27 ya mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao kwa majina katika Mann Ki Baat, kipindi chake cha redio cha kila mwezi.

Sikutolei mfano huo ili uote umaarufu. Wengi wamefuatisha nyimbo kwa midomo wala hawakujulikana hata mtaani kwao. Chukua nidhamu yao. Wimbo ni mmoja, mavazi ni ya kwao, mahali ni nyumbani, na maneno ya lugha ya kigeni wameyafanyia mazoezi mpaka midomo haikosei. Walijua wanamwimbia nani, na mtu huyo wa mbali alipofungua video hakupotezewa hata sekunde tano.

Kwaya nazo zina funzo lake. Ambassadors of Christ ni kwaya ya Waadventista kutoka Kigali, mji unaozungumza Kinyarwanda, lakini wimbo wao wa Kwetu Pazuri ni wa Kiswahili, na ndio uliowafungulia milango Tanzania, Kenya na kwetu Kongo. Zabron Singers wametoka Kahama, mbali na studio kubwa za Dar es Salaam, na video zao zimevuka mipaka yote ya Afrika Mashariki. Kwaya ya Rurambo yenye waimbaji wanaojua Kifuliiru, Kinyindu, Kinyamulenge, Kiswahili na Kifaransa ina utajiri ambao kwaya nyingi hazina. Ila lazima ichague: wimbo huu ni wa nani, na mtu huyo anasali kwa lugha gani?

Chagua mtu mmoja

Kabla ya kugusa simu, taja jina la mtu mmoja utakayemtumia video hiyo. Mtu unayemfahamu. Wateja na waumini wa upande wetu wa Ziwa Tanganyika wako sehemu tatu, na kila sehemu ina shida yake.

Wa kwanza ni jirani. Yuko Mulongwe, Kasenga, Kavimvira, Kiliba au Sange. Yeye anajua ndagala ni nini, wala humfundishi. Anataka kujua leo zipo au hazipo, ni bei gani, na akufuate wapi.

Wa pili yuko ng'ambo. Bujumbura iko kama kilomita 30 tu kwa barabara, Kigoma iko mbele zaidi ziwani. Huyu anaweza kununua kwa jumla, lakini anaogopa. Atatuma pesa kabla ya kuona mzigo, na hajui kama mzigo ni ule alioonyeshwa. Anataka uthibitisho: kipimo, tarehe, na sura ya mtu atakayemdai mambo yakiharibika.

Wa tatu yuko mbali kabisa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka upande wetu, na wengi wamehamishwa kutoka huko hadi Marekani. Wako pia walionusurika mauaji ya kambi ya Gatumba, nchini Burundi, ya tarehe 13 Agosti 2004, ambao baadhi yao walipokelewa Marekani miaka iliyofuata. Mtu huyu ana intaneti ya kutosha. Mega si tatizo lake. Muda ndio unaomsumbua, maana anatazama kati ya zamu mbili za kazi. Anataka kuona kwao: kilima anachokijua, kanisa alilobatizwa, shangazi aliyezeeka. Na akichangia bati za kanisa, anataka kuziona zikiwa zimepigiliwa.

Video moja haiwezi kuwatumikia wote watatu. Ukijaribu, jirani atachoka kabla ya bei, na wa Marekani atabaki na bei asiyoihitaji. Tengeneza tatu fupi.

Sekunde arobaini za ndagala

Tuchukue mfano huo wa Kalundu, tuufuate hatua kwa hatua.

Ndagala huvuliwa usiku. Mitumbwi huwasha taa, samaki hufuata mwanga, wavu hupandishwa, na alfajiri mzigo unafika ufukweni kuanikwa. Anayenunua ndagala kavu ana hofu tatu: mchanga, unyevu, na mzigo wa zamani uliochanganywa na mpya. Video nzuri inajibu hofu hizo tatu, na haina haja ya kusema neno «bora» hata mara moja.

Sekunde ya 1 hadi ya 6: mkono unachota ndagala na kuziachia zianguke kwenye beseni. Simu iwe karibu, mkono ujaze picha yote. Ndagala zilizokauka vizuri zina mlio wake zikianguka, na kila mama anayepika anaujua mlio huo. Usiseme kitu. Uache usikike.

Sekunde ya 7 hadi ya 16: onyesha zilipoanikwa. Kama ni kwenye kichanja kilichoinuliwa, teremsha simu polepole mpaka chini ya kichanja, mtu aone hazikugusa mchanga. Hapa sauti ya mnunuzi inaweza kuingia: «Mama, hizi ni za lini?» «Za usiku wa leo, papa. Zimeanikwa tangu asubuhi.»

Sekunde ya 17 hadi ya 28: pima. Tumia kipimo kile kile unachouzia, ukijaze mbele ya simu, usikate picha katikati. Taja bei kwa franka, na kama unauzia ng'ambo taja pia kwa dola.

Sekunde ya 29 hadi ya 40: sura yako. Sema jina lako, mahali unapouzia, siku unazopatikana, na kwamba unapokea M-Pesa au Airtel Money. Taja tarehe ya leo kwa mdomo.

Kwa nini tarehe? Kwa sababu video haifi. Itazunguka kwenye magrupu miezi mitatu, na mtu wa mji wa Baraka atakupigia Septemba akidai bei ya Juni. Ukiwa umetaja tarehe, mazungumzo yanaisha kwa amani.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa ndagala wanalijua kuliko mwalimu yeyote wa matangazo: mwezi ukiwa mpevu, taa za mitumbwi hazivuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo mzigo ni mdogo na bei inapanda. Muuzaji akikaa kimya, wateja wanadhani ameacha kazi au anawaficha. Akituma sekunde 20 akisema, «Mwezi umejaa, wavuvi hawajaingia, juma lijalo mzigo utakuwepo,» amewaokolea safari. Video isiyouza chochote inaweza kumfunga mteja kwako kuliko kumi zinazouza.

Mpango huu unamfaa fundi cherehani, muuza maharagwe anayeshuka kutoka Rurambo, na mwenye kinu cha mihogo. Kila mmoja ajiulize: mteja wangu anaogopa nini? Mshono utakaoachia, maharagwe yenye wadudu, unga wenye mchanga. Onyesha hofu hiyo ikijibiwa na mikono yako. Vuta mshono kwa nguvu mbele ya simu. Mwaga maharagwe kwenye ungo na uyapepete watu wakiona.

Sauti kwanza

Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo. Sauti isiyosikika hataivumilia, ataifunga na mega zake zitakuwa zimekwenda bure.

Ufukweni adui ni upepo wa ziwa. Rekodi asubuhi kabla haujaanza, au simama nyuma ya ukuta au mtumbwi. Kama una waya wa masikioni wenye kipaza sauti kidogo, uchomeke, kifunge kile kipaza sauti kwa kitambaa chembamba na ukipachike kwenye ukosi wa shati. Sauti itaingia safi kuliko ya simu iliyoshikwa mita mbili mbele yako.

Kanisani kuna maadui wawili. Wa kwanza ni mwangwi: ukuta wa matofali na bati hurudisha sauti, na mahubiri yanasikika kama yanatoka kisimani. Tundika vitenge au mablanketi kwenye ukuta ulio nyuma ya mnenaji, na simu iwe karibu naye, si kwenye benchi la mwisho. Wa pili ni vipaza sauti vikubwa. Simu ikiwekwa mbele ya spika, sauti inapasuka. Kwaya ikitaka video nzuri, irekodi siku ya mazoezi, nje, chini ya mti, bila spika yoyote. Waimbaji wasimame nusu duara, besi na tenor nyuma, soprano na alto mbele, simu hatua nne kutoka kwao. Jaribu wimbo mara moja, sikiliza, sogeza mtu mmoja mmoja mpaka sauti zilingane.

Kuhusu picha nitasema machache. Futa kioo cha kamera kwa nguo safi, maana vumbi la barabara linakaa hapo. Jua liwe usoni kwa anayesema, lisiwe mgongoni kwake. Saa sita mchana ingia kivulini. Simu isimame wima kwa WhatsApp na TikTok, ilale kwa YouTube. Iegemeze kwenye tofali au chupa, isishikwe na mkono unaotetemeka. Na kwa kuwa wako pia wanaotazama sauti ikiwa imezimwa, andika bei na mahali juu ya picha kwa herufi kubwa.

Hesabu ya mega

Hapa ndipo heshima kwa mtazamaji inapogeuka kuwa tarakimu.

Simu nyingi za Android zikirekodi kwa kiwango cha 1080p hutumia kama megabiti 17 kwa kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 60, gawa kwa 8 kwa kuwa baiti moja ina biti 8, unapata karibu mega (yaani megabaiti) 128 kwa dakika moja. Dakika nne ni zaidi ya mega 500. Sasa fungua programu kama CapCut au InShot, kata yasiyohitajika, kisha unapohifadhi chagua 720p na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Dakika moja inakuwa mega 15. Sekunde 40 zinakuwa mega 10 tu.

Kwenye kioo kidogo cha simu, ni wachache watakaoona tofauti. Kwa mwenye mega za leo tu, tofauti ni kutazama au kutotazama. WhatsApp yenyewe hubana video unapoituma, lakini ikipewa faili kubwa na ndefu, picha inatoka imevurugika. Ibane mwenyewe, ukiangalia matokeo kwa macho yako.

Kwa anayeishi Rurambo kuna hesabu ya pili. Milimani mtandao huja na kupotea, na kupandisha faili kubwa kunaweza kumaliza chaji ya siku nzima. Rekodi na kata video zako huko juu, mahali kazi ilipo. Siku ya soko, ukishuka bondeni ambako mtandao una nguvu, zitume zote kwa pamoja. Weka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu. Kumbuka kwamba kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa takribani siku 20. Aliyekuwa na faili mkononi aliweza kuipitisha simu kwa simu kwa Bluetooth. Aliyeweka kila kitu mtandaoni alisubiri. Video ya mega 10 hupita kwa Bluetooth bila shida, ya mega 500 huchukua muda mrefu mno.

Huduma na heshima ya mtu

Mwaka 1921 David na Svea Flood, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden, waliingia Kongo, kisha wakafika N'dolera, katika milima iliyo juu ya Uvira. Simulizi yao inasema kwamba chifu aliwakataza kuingia kijijini, na aliyeruhusiwa kuwafikia alikuwa mvulana mmoja tu, aliyewauzia kuku na mayai. Svea akamfundisha habari za Yesu mvulana huyo. Mwaka 1923 Svea alifariki baada ya kujifungua binti. Binti huyo, Aggie Hurst, alilelewa Marekani, na baadaye akaandika kitabu kuhusu maisha yake. Karne moja imepita, na bado kisa hicho kinasimuliwa makanisani katika mabara mengi.

Angalia kilichobaki katika kumbukumbu za watu. Ripoti za misheni za miaka hiyo zilikuwa na hesabu za waongofu na majengo, na nani anazikumbuka? Kinachokumbukwa ni mvulana mwenye mayai. Mchungaji anayetaka video ya huduma yake asianze na historia ya kanisa, majina ya kamati na salamu za itifaki. Aanze na mtu mmoja na jambo moja: mjane aliyejifunza kushona katika darasa la kanisa, akiwa na cherehani yake, akieleza kwa maneno yake mwenyewe nguo ya kwanza aliyoiuza. Dakika moja inatosha. Jina la kanisa lije mwishoni.

Lakini mtu huyo si mali ya kanisa. Kabla ya kumrekodi, mweleze video itakwenda wapi, na kwamba ikishatoka hairudi. Mwonyeshe ikiwa imekamilika, na akikataa, ifute mbele yake. Mtoto asirekodiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na aliyetendewa ukatili asionyeshwe sura wala kutajwa kijiji. Nchi yetu imepigwa picha nyingi za machozi. Kuna wanaoamini kwamba mtoto mchafu anayelia huleta pesa haraka, na huenda huleta. Kesho mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na video itakuwa bado ipo, na rafiki zake wataiona. Mrekodi akiwa amenawa, akiwa anafanya kitu: anasoma, anachota maji, anacheza.

Kisha lipa deni la mwisho kwa aliyechangia. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mito ya Uvira, Mulongwe ukiwemo, ilifurika na kuua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Katika msiba kama huo kila mtu hutuma video ya kuomba. Wachache hutuma ya pili, inayosema: tulipokea kiasi hiki, tulinunua hivi, hizi hapa, na hiki ndicho kilichobaki. Huduma inayotuma ya pili itaaminika msiba mwingine ukitokea, na inastahili kuaminika.

Yasiyorekodiwa

Kuna video ambazo hazitakiwi kutengenezwa hata kama zingependwa na watu elfu.

Usirekodi wanajeshi, vizuizi vya barabarani, bandari wala mpaka. Hata kama lengo lako lilikuwa kuonyesha lori la bidhaa zako, angalia kilicho nyuma yake kabla ya kutuma. Katika eneo la vita, sekunde tatu za nyuma ya picha zinaweza kukupeleka mahabusu, na zinaweza kumletea mwingine madhara makubwa zaidi.

Mfugaji wa Rurambo ajihadhari zaidi. Wizi wa ng'ombe umeacha makaburi milimani kwetu. Ukitaka kuuza maziwa, onyesha maziwa: yakikamuliwa, yakichujwa, yakimiminwa kwenye chombo safi. Usionyeshe kundi zima, usitaje malisho wala njia ya kupandia, na uzime alama ya mahali kwenye simu. Mnunuzi hahitaji kujua ng'ombe wanalala wapi.

Na lililo zito kuliko yote. Rurambo ni nchi ya Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge, na bondeni wapo Wavira, Warundi na wengine wengi. Tunanunua sokoni kwa kila mmoja, na wengi wetu tumezika watu kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu ya kabila. Video moja ya dhihaka, hata wimbo wenye mafumbo, hata mzaha wa fundi juu ya lafudhi ya mteja, hutoka nje ya grupu lako ndani ya saa moja na kufika kwa mtu anayetafuta sababu. Sheria ipo: Kanuni ya Dijitali ya Kongo (Code du numérique), iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina adhabu kwa makosa ya mtandaoni. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mfanyabiashara anahitaji kila jirani, na mchungaji ametumwa kwa kila jirani. Kabla ya kutuma, mwonyeshe video yako mtu mmoja wa kabila lingine na umwombe akuambie ukweli.

Kuituma na kuitikia

Usiitupe kwenye magrupu ishirini. Mtumie kwanza yule mtu mmoja uliyemtaja jina. Kisha iweke kwenye statusi yako, ambako anayetaka ndiye hufungua. Kwenye grupu la kanisa au la soko, omba ruhusa ya kiongozi, na tuma mara moja kwa juma, siku ile ile, ili watu waizoee kama wanavyozoea kipindi cha redio. Chini ya video andika mstari mmoja: inahusu nini, sekunde ngapi, mega ngapi. «Ndagala za leo Kalundu, sekunde 40, mega 10.» Mstari huo unamwachia mtazamaji uamuzi kabla hajakatwa chochote.

Facebook na TikTok zitumie kwa ajili ya walio mbali. YouTube iwe ghala la mambo ya kudumu: nyimbo za kwaya, somo la jinsi ya kukausha mihogo, historia ya kanisa. Mkulima anayetaka mifano mizuri atafute video za Access Agriculture. Nyingi zipo kwa Kiswahili, na zinawaonyesha wakulima wenyewe wakifanya kazi na kueleza, hatua baada ya hatua. Hazina mapambo, na watu wanazifuata shambani.

Halafu kaa na simu yako. Anayeuliza bei saa mbili asubuhi na kujibiwa saa kumi jioni ameshanunua kwingine. Ukijua utakuwa shambani, sema ndani ya video: «Nitajibu kuanzia saa kumi na mbili jioni.» Watu husubiri wakiambiwa saa.

Kazi ya juma hili

Andika kwenye karatasi jina la mtu mmoja, na hofu yake moja kuhusu bidhaa au huduma yako. Tafuta tendo moja la mikono linaloijibu hofu hiyo. Lirekodi kwa sekunde zisizozidi 40, asubuhi, sauti ikiwa safi. Taja jina lako, mahali, tarehe na bei. Ibane mpaka mega 10 au chini yake. Mwonyeshe jirani wa kabila lingine. Mtumie yule mtu mmoja, umwulize: «Kuna kitu ambacho hukukielewa?» Swali atakalokuuliza ndilo video yako ya pili.